Kura Chini ya Ukuta

Sehemu ya Tisa

Kitasa kilizunguka nusu, kikasita, kisha kikamalizia.

Wiki nzima mmenisumbua kwa swali hilo moja. Muuza magazeti wa pale kona ananiambia kuna mteja aliyekataa hata kuitikia salamu yake mpaka ajue nani alikuwa nyuma ya mlango. Haya, mlango unafunguka. Ila waliokosa gazeti la wiki jana wanipe nusu dakika, tusiwaache njiani.

Mama Spika, fundi wa sauti, alikuwa peke yake katika kile chumba kidogo nyuma ya jukwaa la ukumbi wa chama. Jina hilo alilipata kwa kutengeneza spika, na watani wake hupenda kumwita Mheshimiwa. Asubuhi hiyo wajumbe mia nne walikusanyika kupiga kura ya mchujo, wachague nani apeperushe bendera ya chama. Upande mmoja, Mzee wa Mabomba, mbunge wa miaka kumi na mitano, mwenye wito wa neno moja: Tuendelee. Upande wa pili, Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, naye neno lake moja: Tugeuze.

Mama Spika alikuwa amembania Mwalimu maiki ndogo kwenye kola ili aijaribu. Mwalimu akatoka nayo, akaingia chumba cha pembeni, akasahau kwamba iko wazi. Ndipo kwenye hedifoni Mama Spika akamsikia akiteta na Katibu wa chama. Akasikia kwamba ukuta wa bwawa lililo juu ya mji una ufa. Akasikia kwamba wagombea wote wawili wanajua, na wamekubaliana kufunga midomo.

Kisha akasikia sauti ya Katibu, laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto: "Mpimaji tumeshamfungia. Amebaki mkewe, na mkewe yuko humu humu ndani."

Mpimaji ni yule anayepima kila siku maji yanayovuja chini ya ukuta wa bwawa. Na mke wa Mpimaji ni Mama Spika.

Hapo ndipo kitasa kilipoanza kuzunguka.

Akaingia wifi yake.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani wa sare za shule, mjumbe wa chama kwa miaka ishirini, mwanamke wa mwili na sauti. Alikuwa amevaa fulana ya kijani ya Tuendelee. Uso wa Mzee wa Mabomba uliochapwa kifuani ulikuwa umetanuka, ukapata mashavu ambayo mwenyewe hana.

"Wifi, mbona umejikunyata hivyo? Unaumwa?"

"Funga mlango."

"Nina haraka mimi. Katibu kanituma. Anauliza kama maiki ya Mwalimu ulishaizima."

Mama Spika akanyooka.

"Kakutuma saa ngapi?"

"Sasa hivi. Katoka chumba cha pembeni anajifuta jasho, tukakutana koridoni. Akaniambia, wewe si wifi yake, hebu kamuulize, lakini kwa upole." Wifi akakunja uso. "Hivi kwa nini aseme kwa upole?"

Mama Spika aliinuka, akaufunga mlango mwenyewe.

"Jana mdogo wako alikutumia ujumbe wowote?"

"Aliandika kaongezewa zamu. Kwani wewe hakukuandikia?"

"Aliniandikia. Alianza na 'mke wangu mpendwa'."

Wifi akacheka. "Si vizuri hivyo?"

"Wifi, tumeoana miaka kumi na moja. Hajawahi kuniita mpendwa. Huniandikia 'Spika, mboga ipo?' Ule ujumbe hakuuandika yeye."

Kicheko kikakatika. Mama Spika akavua hedifoni, akamvisha wifi yake bila kumwomba ruhusa.

Kwa muda hakikusikika chochote ila pumzi za Mwalimu na kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. Kisha mlango wa chumba kile cha pembeni ukalia, na mtu mwingine akaingia. Wifi alimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Sauti ile aliisikiliza mikutanoni, redioni, misibani.

"Mwalimu, mbona hunywi chai?"

"Mheshimiwa, yule mtu yuko wapi?"

"Mpimaji? Yuko stoo ya pampu. Ana godoro, ana chakula. Jioni tukishamaliza mambo ya kura atatoka, atahamishiwa kituo cha mbali. Hakuna atakayemgusa."

"Na mimi nikishinda?"

"Utaikuta siri mezani, utaikalia kama nilivyoikalia mimi. Kile kiti kina msumari, Mwalimu. Utazoea."

"Nikishinda nikawaambia wananchi, je?"

Mzee wa Mabomba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Waambie. Waambie lazima tumwage maji yote, ukuta ujengwe upya, na kwa miaka miwili bomba halitatoa hata tone. Halafu uje unieleze walikurushia nini."

Wifi alivua hedifoni polepole, kana kwamba zilikuwa za moto.

"Yule ni Mzee," alisema.

"Ni yeye."

"Kamfungia mdogo wangu stoo." Alijitazama kifuani, pale ulipo ule uso wenye mashavu. "Wifi, mimi nilianza kubeba ndoo nina miaka saba. Mama yangu alikufa na mgongo uliopinda. Huyu ndiye aliyeleta bomba mlangoni kwangu. Miaka kumi na miwili namtaja kwenye sala zangu."

"Najua."

"Hujui. Wewe umezaliwa kwenye nyumba yenye bomba."

Mlango ulifunguliwa bila hodi.

Katibu ni mtu mwembamba, mwenye kucha safi na shati lililonyooka. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Watu wanaofoka, wajumbe huwajibu. Katibu hawamjibu.

"Nimewasubiri," alisema. "Maiki ya Mwalimu vipi?"

Ni Wifi aliyetangulia kujibu.

"Nimemkuta kasinzia, hedifoni zimemning'inia shingoni. Nimemwamsha kwa kumfinya. Hata hakujua kama Mwalimu katoka ukumbini. Maiki tumeizima sasa hivi."

Katibu alimtazama. Akaitazama ile fulana ya kijani. Ikamtosha.

"Uchovu," alisema. "Lakini hii mashine inarekodi, siyo?"

"Hurekodi hotuba tu."

"Nipe."

Mama Spika alichomoa kile kikadi cha kuhifadhia sauti, kidogo kama ukucha, akampa. Katibu akakitia mfuko wa shati. Kisha akanyoosha kiganja tena, akisubiri, mpaka simu ya Mama Spika nayo ikawekwa pale.

"Mama Spika, wewe ni mtu wa kazi, na mimi napenda watu wa kazi. Leo sauti isikwaruze. Nikifanya hivi," akapitisha kidole shingoni taratibu, "unakata maiki ya anayeongea. Nani anaongea, anaongea nini, hilo halikuhusu."

"Sawa, Katibu."

"Mpimaji anakusalimia."

Mama Spika akamgeukia. "Umeonana naye?"

"Asubuhi. Mzima kabisa. Tuombe aendelee hivyo hivyo." Akamgeukia Wifi. "Wewe nenda kakae na wajumbe wenzako."

Wifi alitoka bila kugeuka nyuma. Katibu naye akatoka, akauvuta mlango, na ufunguo ukasikika ukizunguka kwa nje.

Mama Spika alibaki peke yake, amefungiwa. Kitu kilichomtia hofu zaidi ya ufunguo ni kwamba hakujua wifi yake ameondoka akiwa upande gani.

Saa tano mkutano ulianza. Kupitia kidirisha cha kioo aliliona jukwaa zima, na upande wa kushoto akamwona Katibu amesimama mahali ambapo macho yao yangekutana bila shida.

Mzee wa Mabomba alitangulia. Hakuwa na karatasi.

"Mwaka ule kabla sijaja, mlikuwa mnaamka saa ngapi kwenda kuchota maji?"

"Saa tisa," ukumbi ukaitika.

"Leo mkiamka saa tisa mnaamkia nini?"

Wanawake wakacheka, wanaume wakapiga meza.

"Mabomba yamefika mtaa wa chini, yamefika mtaa wa kati. Bado mtaa wa juu. Mimi kazi yangu naijua ilipofika, sihitaji kuonyeshwa. Anayetaka kuanza upya aanze na maisha yake. Sisi tuendelee."

Makofi yaliifanya mishale ya meza ya sauti iruke mpaka kwenye rangi nyekundu. Mama Spika akashusha kidogo, kwa mazoea tu ya kazi.

Mwalimu akafuata. Alianza vizuri. Alisema mtoto aliyezaliwa siku Mzee anaapishwa sasa ana ndevu. Alisema zahanati ina mganga mmoja na foleni ya watu wa mitaa mitatu. Alisema nchi haiwezi kuwa shamba la mtu mmoja. Vijana walisimama juu ya viti.

"Tugeuze," walisema naye.

Lakini Mama Spika alikuwa na hedifoni, na hedifoni hazifichi kitu. Kila hotuba ilipokaribia neno "maji", alimsikia Mwalimu akimeza mate.

Ukaja muda wa maswali. Mikono ishirini ikaenda juu. Mshereheshaji alitafuta swali la salama, akaona fulana ya kijani, akafurahi.

"Mama yetu pale. Mpeni maiki."

Wifi alisimama, akajiweka sawa.

"Mimi hapa kila mtu ananijua. Nimewashonea watoto wenu sare, na nimekuwa mtu wa Mzee tangu siku ya kwanza." Makofi. "Swali langu ni kwa wote wawili, na jibu ni ndiyo au hapana. Ukuta wa bwawa una ufa?"

Ukumbi ukawa kimya kama darasa lililoingiliwa na mkuu wa shule.

Katibu hakumtazama Wifi hata kidogo. Aligeukia kidirisha cha kioo, akapitisha kidole shingoni.

Akilini Mama Spika aliona godoro sakafuni katika stoo ya pampu. Aliona mumewe akisikia mlango unafunguliwa, akidhani ni chakula. Kidole cha Katibu kikapita shingoni mara ya pili, polepole zaidi.

Akakata maiki.

Ndiyo, ndugu zangu, aliikata. Msimlaumu mkiwa mmekaa zenu na chai. Mdomo wa Wifi uliendelea kufunguka na kufumba bila sauti, kisha Wifi akaitazama ile maiki, kisha akakitazama kidirisha. Macho yale Mama Spika hatayasahau.

Wajumbe wakaanza kunung'unika. Mezani kwa wakubwa, Mwalimu akaiziba kwa kiganja maiki iliyokuwa mbele yake, akainamisha kichwa sikioni kwa Mzee wa Mabomba.

Aliziba ya mezani. Ya kolani hakuikumbuka.

Katibu alikuwa ameagiza maiki ikatwe, na imekatwa. Kuhusu kupandisha nyingine hakusema neno. Mkono wa kushoto wa Mama Spika ulisogea wenyewe na kupandisha sauti mpaka mwisho.

"Nilikwambia huyu ni dada yake." Mnong'ono wa Mwalimu ulitoka kwenye spika nne za ukumbini na kwenye honi za spika zilizofungwa juu ya paa, ukaenda mpaka barabarani. "Mtoeni yule mtu stoo kabla hawajamfuata wenyewe. Na huo ufa, tuseme ni rangi imebanduka."

Mwalimu alijisikia mwenyewe kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesikia kishindo cha mlango alioubamiza. Akainuka. Akashika kola yake, akaikuta ile maiki, akaitazama.

Angeweza kuing'oa. Hakuing'oa.

"Wajumbe," alisema, na sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Ufa upo. Nimeujua kwa miezi minne. Ili ukuta ujengwe upya lazima maji yote yafunguliwe, na mabomba yatakuwa makavu kwa miaka miwili. Mimi ndiye niliyewaambia tugeuze, nikaogopa kuwaambia tugeuze nini."

Katibu tayari alikuwa anakimbia kuelekea koridoni.

Chumba cha Mama Spika kina kidirisha kingine cha nyuma, cha kupitishia nyaya, kinachomtosha paka mnene. Aliacha mitambo yote wazi, akapanda juu ya boksi la spika, akapitisha kichwa, bega, kisha nyonga kwa taabu. Alisikia ufunguo ukiingia mlangoni nyuma yake. Kitenge kikachanika. Akaanguka uani, kwenye changarawe, magoti yakachubuka.

Pikipiki ilikuwa inanguruma mbele yake. Ni pikipiki ya kupelekea sare mashuleni.

"Panda," alisema Wifi, aliyetoka ukumbini na kuzunguka nyuma mara tu stoo ilipotajwa.

"Wifi, mimi niliikata. Niliogopa, nika..."

"Nimekwambia panda."

Waliiparamia barabara ya bwawa. Ukuta ulionekana juu ya mapaa, wa kijivu, mrefu, na maji yote ya mji yamekaa nyuma yake. Mama Spika alikuwa ameuona kila siku tangu aolewe hapa, wala hakuwahi kuona kwamba mji wote uko chini yake. Sokoni, zahanati, shule. Ule ukumbi.

Nyuma yao honi za paa ziliendelea kufanya kazi. Katibu alikuwa na ufunguo wa chumba, lakini mitambo hakujua inazimwaje. Wajumbe walikuwa wanapokezana maiki, na ugomvi wao uliwafuata mlimani.

"Miaka miwili ya ndoo? Magoti haya yatanibeba mpaka wapi?" Ilikuwa sauti ya bibi.

"Bibi, nyumba yako iko bondeni."

"Bondeni nimekaa miaka sitini na sijafa. Kiu naijua, huo ufa sijauona."

"Mwalimu kasema ukweli."

"Kausema baada ya kushikwa. Mtu wa hivyo nimpe nchi?"

"Na aliyemfungia mwenzake stoo ndiye umpe?"

"Yule angalau kazi yake naiona nikifungua bomba."

Wifi alizidisha mwendo. Mama Spika, mikono kiunoni kwake, alihisi mgongo wake ukitikisika, na hakuuliza kama analia.

Kituo cha pampu kilikuwa na mlinzi mmoja, kiti cha plastiki na redio inayopiga muziki kwa kelele. Wifi alizima pikipiki hatua mbili kutoka kwake, akashuka na ile fulana yake ya kijani, akaning'iniza kitambulisho cha ujumbe mbele kabisa.

"Katibu kasema mtu atolewe."

"Mimi sijaambiwa."

"Sasa unaambiwa na nani hapa? Nimeacha kura yangu ukumbini kuja kukufuata wewe. Nimpigie nimwambie umekataa?"

Mlinzi alimtazama Mzee wa Mabomba aliyepanuka kifuani pale, akaona hiyo ni saini tosha. Akatoa funguo.

Stoo ilinuka grisi. Mpimaji alikuwa ameketi juu ya godoro, ndevu zimeanza kumwota, buti miguuni kana kwamba alijua ataitwa wakati wowote. Mama Spika alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yote yalipotea. Alimshika uso kwa mikono miwili tu.

"Wamekupiga?"

"Hapana. Walitaka nibadilishe vipimo kwenye daftari, nikakataa, wakaninyang'anya simu." Aliutazama mlango ulio wazi. "Maji mmeyaangalia?"

"Maji gani, jamani? Tumekuja kukuchukua tukimbie."

Lakini alikuwa ameshatoka.

Chini ya ukuta kuna kijimfereji cha saruji chenye rula imesimamishwa ndani yake. Humo ndimo hupita yale yanayovuja, na humo ndimo Mpimaji hupima. Alipiga goti, akachota kwa kiganja, akayainua juani.

Maji yalikuwa ya kahawia.

"Juzi yalikuwa meupe," alisema.

"Maana yake nini?" aliuliza Wifi.

"Dada, yakitoka meupe, ukuta unatoa jasho tu. Kila ukuta hutoa jasho. Yakitoka na udongo..." Akafungua kiganja, tope likabaki kwenye mistari ya mkono. "Huu ndio ukuta wenyewe. Unatoka kidogo kidogo, kutokea ndani."

"Tuna muda gani?"

"Huenda wiki. Huenda jioni."

Jua lilikuwa kali na mchana ulikuwa mzuri, ndege wanalia vizuri tu, na Mama Spika alihisi baridi mpaka kwenye meno.

Walipanda ngazi za pembeni mpaka juu, pumzi zinawakata. Pale juu ndipo lilipo gurudumu la kufungulia mlango wa chini ili bwawa limwagwe, kubwa kama usukani wa lori. Lilikuwa limefungwa mnyororo mpya na kufuli. Mpimaji alilishika, akalitikisa, akaliachia.

"Ufunguo ulikuwa unakaa ofisini kwangu. Alikuja kuuchukua Mzee mwenyewe."

Wifi aliokota jiwe, akaligonga kufuli. Mara tano, mara kumi, mpaka kivuli chake kikarefuka. Vidole vikamtoka damu. Kufuli halikujali.

Ndipo ugomvi wa kwenye honi za mbali ukakoma, kura zimeshahesabiwa, na mshereheshaji akakohoa.

"Matokeo," alisema. Hata pale juu ya ukuta sauti ilifika safi. Ilikuwa kazi nzuri ya fundi. "Tugeuze, kura mia moja themanini na moja."

Mama Spika alimshika mumewe mkono.

"Tuendelee, kura mia mbili na kumi na nane. Kura moja haikupigwa."

Zikafuata vigelegele, kisha wimbo. Wifi aliketi juu ya ngazi, jiwe bado mkononi.

"Wamesikia," alisema. "Wamesikia kila kitu, na bado."

"Wewe ungekuwa pale ungepiga ipi?" aliuliza Mpimaji, na hakuuliza kwa ubaya.

Wifi alifikiri kweli. "Sijui," alisema mwishowe. "Ndiyo maana nimekuja."

Chini kule mshereheshaji alikuwa anaita. "Mheshimiwa, jukwaa ni lako." Wimbo ukaendelea. "Mheshimiwa, karibu jukwaani." Wimbo ukapungua. "Aliyemwona Mheshimiwa amwambie wajumbe wanamsubiri."

Nyayo zikasikika kwenye changarawe nyuma yao.

Mzee wa Mabomba alikuwa anakuja juu ya ukuta peke yake, bila dereva wala mlinzi, koti mkononi, kola imelowa. Alitembea kama mtu anayerudi nyumbani baada ya maziko. Alisimama hatua kumi kutoka kwao, upande wa maji, akamtazama Mpimaji.

"Yamechafuka?"

"Yamechafuka, Mzee. Juzi hayakuwa hivi."

Akaitikia kwa kichwa. Alitazama mapaa, akautazama ukumbi, ambako sasa jina lake lilikuwa linaimbwa tena.

"Wamenichagua wakijua," alisema.

"Wamekuchagua wakiogopa," alisema Mama Spika. Hakujua ameyatoa wapi maneno hayo. "Kama mimi nilivyoikata ile maiki."

"Nikilifungua lile gurudumu, binti yangu, kesho mtu wa kwanza kufungua bomba likakohoa hewa atalitukana jina langu. Miaka kumi na mitano itaishia kwenye kikohozi cha bomba." Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Ulikuwa mdogo, wa kawaida, kama wa sanduku la nguo. "Toka ukumbini mpaka hapa nimejiuliza. Sijui nimekuja kufungua, au nimekuja kuhakikisha hakuna atakayefungua."

"Nipe mimi," alisema Wifi. Aliinuka. "Nipe, Mzee. Watasema nilikunyang'anya. Nitakubali. Jina lako litabaki."

Alipiga hatua moja.

"Usisogee." Mzee alinyoosha mkono juu ya maji, ufunguo kati ya vidole viwili. "Nimesema usisogee. Niacheni nifikiri."

Wote watatu wakaganda. Mama Spika hakuutazama uso wa Mzee. Alivitazama vile vidole viwili, na kile kipande cha chuma kinachong'aa juani, na chini yake maji meusi yasiyo na mwisho.

Mzee akavuta pumzi. Mkono ukaanza kurudi, taratibu, upande wao. Mpimaji akanyoosha kiganja kuupokea.

Ndipo chini ya miguu yao, kutoka tumboni mwa ukuta, ukatoka mlio mzito, mrefu, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuusikia.

Mzee wa Mabomba akashtuka, na vidole vyake vikafunguka.